Kodiani Barabarani: Ala ya Mgeni na Wanamuziki wa Mbeya na Iringa

Kodiani ni miongoni mwa ala chache ambazo mtu mmoja aliyesimama wima, bila umeme wala msaidizi, huweza kutoa kwa pamoja wimbo, sauti za kuusindikiza na besi ya kuushikilia, na sifa hiyo ndiyo iliyoifanya kuwa ala ya barabarani katika miji mingi ya Ulaya na Amerika tangu karne ya 19. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania hali ni tofauti. Mbeya na Iringa ni miji yenye muziki mwingi wa kanisani, wa ngoma, wa bendi na wa spika za madukani, lakini kodiani haikuota mizizi humo kama ilivyoota Unguja au katika nchi ya Wakikuyu, na anayeonekana nayo sokoni au karibu na stendi aghalabu ni msafiri anayepita kuelekea Zambia au Malawi. Suala linalozaliwa na hali hiyo ni la kimuziki kabla ya kuwa la kijamii: ala iliyoundwa Ulaya, yenye sauti zilizokwisha kupangwa kiwandani, inawezaje kukaa pamoja na wanamuziki ambao hupanga sauti kwa sikio, na mpigaji wake afanye nini ili asiishie kuwa kioja cha dakika kumi?

Ni vyema kuanza na ala yenyewe. Kodiani, ambayo wengine huiita kinanda cha mkono, ina mvukuto katikati, yaani kifuko cha karatasi ngumu na kitambaa kilichokunjwakunjwa, ambacho kikivutwa au kubanwa hupeleka hewa kwenye ndimi nyembamba za chuma zilizogandishwa kwa nta juu ya vipande vya mbao. Kila ulimi hutikisika katika tundu lake na kutoa sauti moja tu, tena kwa upande mmoja wa hewa, na kwa hiyo kila sauti huhitaji ndimi mbili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kubana. Mkono wa kulia hupiga wimbo kwa vibao kama vya piano, ambavyo katika kodiani kubwa huwa 41, au kwa vitufe. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe vinavyofikia 120, baadhi vikitoa besi na vingine vikitoa kodi nzima, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja kwa kidole kimoja. Ala ya ukubwa huo hubeba ndimi zaidi ya 400 na uzito unaozidi kilo 10. Jina lake linatokana na hataza aliyoipata Cyrill Demian huko Vienna mwaka 1829, naye aliliteua kwa sababu ya kodi hizo za kidole kimoja; baadaye viwanda vya Castelfidardo nchini Italia na Trossingen nchini Ujerumani viliieneza duniani kwa njia ya mabaharia, wamisionari na wafanyabiashara.

Mambo mawili katika ujenzi huo yana uzito mkubwa katika habari ya Nyanda za Juu. La kwanza ni kwamba mpigaji hana namna ya kuinua au kushusha sauti kidogo kwa kidole kama afanyavyo mpiga fidla, kwa kuwa ulimi ulikwisha kukatwa na kukwaruzwa kiwandani hadi ufikie sauti yake, na sauti zote zimepangwa kwa kipimo cha Ulaya kinachoigawa oktava, yaani masafa kati ya do ya chini na do ya juu, katika nusu toni 12 zilizo sawa. La pili ni kwamba kodi za mkono wa kushoto zimefungwa pamoja tangu zilipotengenezwa. Anayebonyeza kitufe cha kodi kubwa hupata sauti zote za kodi hiyo, azitake asizitake.

Licha ya ukaidi huo, Afrika Mashariki imeipokea kodiani mara kadhaa, na kila mara sharti la kuipokea limekuwa ni ala kuacha sehemu ya tabia yake. Unguja, katika vikundi vikubwa vya taarabu kama Akhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, kodiani iliketi kando ya fidla, udi, ganuni na nai kwa kufuata mtindo wa okestra za Misri. Wamisri walikuwa wamekwisha kuikabili kasoro ya kipimo cha Ulaya kwa kuifungua ala na kukwaruza ndimi zake: chuma kikipunguzwa karibu na ncha sauti hupanda, kikipunguzwa karibu na shina sauti hushuka, na kwa njia hiyo walipata robo toni zinazohitajika katika maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Kodiani ya taarabu, zaidi ya hayo, hupiga wimbo uleule wa fidla na kuupamba, huku vitufe vya kushoto vikipata kazi ndogo sana, kwa sababu muziki huo haujengwi kwa kodi. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimeendelea kuifundisha katika mkondo huo.

Kenya ilichukua njia nyingine. Miongoni mwa Wakikuyu kodiani ilizaa mwomboko, dansi ya wawili wawili yenye hatua na kuinama, iliyovuma katika miaka ya 1940, ambapo kodiani huongoza na mwenzake mkuu ni karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Waluo nao waliipiga kodiani, wakiiita onanda, kabla benga ya magitaa haijatawala. Kongo alikuwako Camille Feruzi, aliyepiga rumba kwa kodiani na kuacha rekodi ambazo wapenzi wa muziki wa zamani bado wanazitafuta. Mbali zaidi kusini, Wasotho waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini waliunda muziki wa famo kwa kodiani na ngoma inayoitwa moropa, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa kopo na mpira wa tairi. Mfano huu wa mwisho uko karibu na Mbeya kuliko ramani inavyoonyesha, kwani migodi hiyohiyo iliajiri vijana wa Rungwe na jirani zake kupitia shirika la WENELA katika miongo ya mwisho ya ukoloni, na vijana hao waliishi katika kambi zilizojaa muziki wa makabila ya kusini yote.

Mbeya yenyewe ni mji wa wasafiri tangu kuzaliwa kwake. Ulianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, ukapanuka kwa barabara kuu iendayo Zambia, kisha kwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa kilomita 1,860. Iringa, iliyo zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya kwa barabara, haikufikiwa na reli hiyo. Ni mji wa mlimani uliojengwa na Wajerumani baada ya vita vyao na mtawala wa Wahehe, Mkwawa, wenye boma lao la zamani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Tofauti hiyo ya tabia husikika masikioni. Mwanjelwa, kitovu cha biashara cha Mbeya, kila duka la simu na nguo lina spika yake, wapiga debe wanaita abiria, bajaji na bodaboda zinapishana, na muziki usiotumia umeme hupotea ndani ya hatua chache. Katika mitaa ya kati ya Iringa, kuanzia Soko Kuu hadi Miyomboni, barabara ni nyembamba zaidi, kuta ziko karibu na sauti ya ndimi za chuma hurudi kutoka ukutani ikiwa imenenepa, jambo ambalo mpigaji yeyote wa kodiani huligundua katika dakika za kwanza na kulishukuru.

Asubuhi ya mwezi Juni au Julai, miji yote miwili ikiwa na baridi kali, vidole vya mpigaji huwa vizito na vijiwambo vya ngozi vinavyofunika matundu ya ndimi hukakamaa na kujikunja, kiasi kwamba sauti huanza kwa kuchelewa au kwa mkoromo. Ni busara kuiacha ala ipate joto la chumba taratibu, na kusubiri hadi jua lipande, ambapo hata wateja wa sokoni huwa wameanza kutembea bila haraka. Mwezi Februari tatizo hugeuka kuwa unyevu wa mvua, unaoleta kutu kwenye chuma.

Kuhusu ruhusa, mpigaji hukutana na ngazi kadhaa ambazo hazifanani. Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ambalo husajili wasanii na kutoa vibali, na katika halmashauri yupo afisa utamaduni anayeshughulikia mambo hayo karibu na wananchi. Chini yake wapo mwenyekiti wa mtaa na uongozi wa soko, na kwa kweli hawa wawili ndio wanaoamua kama saa moja ya muziki itapita kwa amani, kwa kuwa nafasi ya kusimama sokoni imekuwa jambo nyeti tangu wamachinga walipohamishwa kutoka kandokando ya barabara mwishoni mwa mwaka 2021. Anayejichomeka mbele ya kizimba cha mtu na kukusanya watu hadi wateja wakose njia hatavumiliwa, apige vizuri namna gani. Raia wa kigeni aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi ya malipo, na kupokea fedha barabarani kunaweza kuhesabiwa hivyo. Adhana ikiadhiniwa muziki husimama, na msiba ukipita husimama pia, ingawa katika nchi ya Wanyakyusa yapo mambo ya kuwashangaza wageni kuhusu hilo la pili: Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu mila za ukoo za Wanyakyusa, alieleza kwa kirefu ngoma zilizopigwa na kuchezwa katika mazishi.

Fedha nazo zina adabu yake. Kofia au kopo lililowekwa chini mbele ya mpigaji, ambalo katika barabara za Ulaya ni ishara ya kawaida ya kazi, katika miji ya Tanzania humweka mpigaji katika kundi la ombaomba, au la waimbaji wasioona ambao huimba injili stendi wakiwa na kinanda kidogo na spika ya betri, ambao watu huwapa kwa huruma na kwa imani. Muziki unaoheshimiwa hulipwa kwa kutunza, yaani mtu husogea huku akicheza, akaonekana na wote, akamwekea mwimbaji noti mkononi au kwenye paji la uso, na heshima humrudia mtoaji kama inavyomfikia mpokeaji. Mpigaji anayetaka kutunzwa hana budi kuacha nafasi mbele yake ili mtu aweze kuingia na kucheza, na achague wimbo unaochezeka. Waltz nzuri ya Paris, kwa mtu aliyesimama na kapu la nyanya, haina pa kuingilia.

Hapo ndipo uhusiano na wanamuziki wa mahali unapoanza kuwa wa lazima, na mlango ulio wazi kuliko yote ni kwaya. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin waliingia nchi hiyo mwaka huohuo, na Wakatoliki walijenga Tosamaganga karibu na Iringa. Matokeo ya zaidi ya karne moja ya shule na makanisa yao ni kwamba karibu kila mtaa una watu wanaoimba sauti nne bila kusita. Kitabu cha Tenzi za Rohoni kinajulikana katika madhehebu mengi, na kwa kuwa tuni zake nyingi zina asili ya Uingereza na Marekani, mpiga kodiani kutoka nje huweza kugundua kwamba anajua nusu ya kitabu kabla hajajifunza neno moja la Kiswahili. Kikwazo chake ni maandishi. Kwaya za Tanzania hutumia nota za solfa, yaani herufi za d, r, m, f na nyinginezo zinazoonyesha nafasi ya kila sauti katika ngazi, huku nukta na mistari midogo ikionyesha muda, wakati yeye amezoea mistari mitano. Herufi hizo zenyewe hazikazi ufunguo. Mwalimu wa kwaya hutoa do kwa kinywa chake, mahali anapoona waimbaji wake wataifikia sauti ya juu bila kukaza koo, na do hiyo huweza kuangukia kati ya vibao viwili vya kodiani. Kwaya isiyo na ala pia hushuka taratibu kadiri beti zinavyoongezeka. Mpigaji aliyezoea huuliza do kwanza, hutafuta kibao kilicho karibu zaidi, huipiga sauti hiyo kwa upole kabla ya wimbo kuanza, kisha huacha kwaya ikae juu yake. Asiyezoea huanza katikati ya ubeti wa pili na kugundua kwamba yeye na sauti ya tatu wameachana kwa robo toni.

Pamoja na kwaya yapo matarumbeta, yaani vikundi vya ala za shaba ambavyo Wamoravian na Walutheri walivirithi kutoka Ujerumani na ambavyo leo hupiga harusini na katika mapokezi ya wageni. Kodiani huelewana nayo kwa urahisi wa kukinaisha, kwa kuwa zote hufuata kipimo kilekile cha sauti.

Mlango wa pili ni muziki wa dansi. Iringa ilikuwa na bendi iliyotikisa nchi katika miaka ya 1980, Tancut Almasi Orchestra, mali ya kiwanda cha kukata almasi kilichokuwa mjini humo, ambamo waliimba mapacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Wazee wanaoikumbuka bado wapo, na magitaa yasiyo ya umeme hayakosekani katika mitaa ya Kihesa na Ipogolo. Katika muziki huo kila gitaa lina kazi yake: lipo la solo, lipo la kati, lipo la rizimu na lipo la besi, na wimbo huanza polepole kwa mashairi kisha huingia chemko, yaani sehemu ya mwendo wa kasi ambamo magitaa hurudiarudia vipande vifupi na watu hucheza. Kodiani inayoingia humo na mikono yote miwili huwa imevamia kazi za watu watatu. Nafasi iliyo wazi, hasa katika vikundi vidogo visivyo na wapulizaji, ni ile ya saksafoni na tarumbeta: kusubiri ubeti uishe, kujibu kwa kipande kifupi cha sauti mbili, kunyamaza tena. Kazi hiyo huonekana ndogo hadi mtu anapojaribu kuifanya kwa dakika nane bila kuongeza kitu.

Ugumu wenyewe, na pia utajiri, uko katika ngoma. Kyela, kwenye ncha ya Ziwa Nyasa, kuna mapenenga, jina ambalo pia hutumika ng'ambo ya mpaka huko Karonga, Malawi. Ni ngoma ya ukoo wa beni, ile michezo ya gwaride iliyoanzia mwambao na kusambaa hadi bara na ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, na wachezaji wake huvaa sare na kupiga hatua za kijeshi huku wakiimba ndani ya vibuyu vyenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba, aghalabu wa buibui. Utando huo hutetemeka na kuigeuza sauti ya mtu kuwa mlio wa tarumbeta wenye mkwaruzo. Kati ya ala zote za ukanda huu, hakuna iliyo karibu na kodiani kwa sauti kama vibuyu hivyo, kwani ulimi wa chuma nao hukwaruza hewa kwa namna inayofanana, na kwa kuwa kibuyu hakina sauti yake na hufuata koo la mwimbaji, wapulizaji huweza kuhama na kuifuata kodiani ilipo. Rungwe, ambako mjini Tukuyu hufanyika tamasha la ngoma za asili linalofahamika kwa jina la Tulia, ngoma kama ling'oma hutegemea ngoma kubwa na miguu ya wachezaji, na hapo swali la sauti hupungua na swali la mapigo hukua.

Mapigo ndiyo yanayowashinda wapiga kodiani wengi. Nyimbo nyingi za ngoma huenda kwa mwendo unaoweza kuhesabiwa kwa mbili na kwa tatu kwa wakati mmoja: ngoma moja inagawa muda vipande viwili, nyingine inagawa muda uleule vipande vitatu, na utamu wote uko katika kutoamua. Mkono wa kushoto wa kodiani umefundishwa kuamua. Besi kisha kodi, besi kisha kodi, na mara moja mwendo wa tatu umekufa na mchezaji aliyekuwa akikanyaga kati ya hayo mawili amebaki bila ardhi. Dawa inayofaa ni kuutoa mkono wa kushoto kwenye vitufe kabisa, uendeshe mvukuto tu, na mvukuto wenyewe utumike kama njuga kwa kubadili upande kwa vipigo vifupi vinavyofuata ngoma ndogo. Mkono wa kulia ubaki na kiitikio, yaani kile kinachojibiwa na kundi zima, na usijaribu kuiga mwito wa kiongozi, ambaye hubadili maneno na tuni apendavyo.

Kwa upande wa sauti, Wahehe wana ligombo, ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, wenye uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huko juu yake ili kutoa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliirekodi katika safari yake ya Tanganyika ya mwaka 1950. Jirani zao wa kaskazini, Wagogo, wanajulikana duniani kwa ilimba na zeze kupitia Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, na muziki wao hufuata sauti za asili zinazozaliwa na uzi mmoja unapotetemeka kwa sehemu zake. Katika mfululizo wa sauti hizo za asili, sauti ya tano iko chini kidogo ya kibao cha kodiani kinachokaribiana nayo, na ya saba iko chini kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, tofauti ambayo sikio lolote huitambua kama uchachu hata kama halijui sababu. Kukwaruza ndimi kama walivyofanya Wamisri kunawezekana kwa mwenye ala ya ziada. Wengine huzikwepa sauti hizo mbili na kukaa kwenye zile ambazo vipimo vyote viwili vinapatana, yaani do, re na so, wakipiga nafasi tupu za nne na tano ambazo Wagogo wenyewe huzitumia wanapoimba sambamba, na kuzima seti ya pili ya ndimi, kwa kuwa katika kodiani nyingi seti mbili hutenganishwa kidogo makusudi ili sauti iyumbe, na myumbo huo huongeza ugomvi mahali ambapo tayari upo.

Mahali pa kujifunzia haya ni pengine popote isipokuwa jukwaani. Msimu wa mvua, ulanzi unapogemwa kwenye mianzi ya Iringa, vilabu vyake hujaa watu wanaoimba bila spika, na mgeni anayeanza kwa "Kamwene" kwa Wahehe, au "Ugonile" akiwa kwa Wanyakyusa, kisha "Shikamoo" kwa kila mzee aliyepo, akakaa na kusikiliza hadi aitwe, huitwa. Kizazi cha Bongo Fleva kina mlango wake pia, kwani Mbeya ndiko alikotoka Rayvanny, na ni jimbo lililomchagua mwanahiphop Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, kuwa mbunge wake mwaka 2010. Maprodyuza wa studio ndogo za mitaani huhitaji kipande cha sekunde chache chenye sauti isiyopatikana kwenye kompyuta, na malipo ya kipande hicho ni bora yakubaliwe kabla ya kurekodi.

Ala ikiharibika, msaada haupo mbali. Fundi viatu ana ngozi laini na gundi ya kuziba mvukuto unaovuja, na fundi wa vinanda vya kanisani anaelewa ulimi uliokwama kwa vumbi la barabara ya Usangu. Ndimi zilizolegea, jambo linalotokea ala inapoachwa ndani ya gari lililofungwa juani, hugandishwa upya kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na kiasi kidogo cha utomvu wa msonobari ili isiwe laini mno wala isivunjike katika baridi. Nta huuzwa na warina asali wa mikoa hiyo, na misonobari hugemwa utomvu katika shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, katikati ya njia ya kutoka Iringa kwenda Makambako. Mchanganyiko huyeyushwa kwenye maji ya moto, chungu ndani ya chungu, mbali na mwali wa moto, kisha hudondoshwa kwa kijiko pembezoni mwa kibati cha ulimi.

Wimbo uliotungwa pamoja huandikishwa COSOTA, chombo cha serikali cha hakimiliki, kwa majina ya wote walioutunga, wakiwemo wapiga ngoma, ambao husahauliwa mara nyingi kwa sababu hawakuleta maneno wala tuni. Nyimbo za jadi zina utaratibu tofauti: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda sanaa za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana, na anayetaka kuuza rekodi ya mapenenga au ling'oma, iwe na kodiani ndani yake au isiwe nayo, hutakiwa kuomba idhini ya BASATA na kutaja jamii ambayo ngoma hiyo imetoka.